Dhamana ya nini, na nani atalipa?

Hapa Busia, upande wa Uganda, mtu akikuambia "naenda kumwekea ndugu yangu dhamana," usikimbilie kumpa pole. Huenda ndugu yuko selo, huenda yuko kortini, na huenda amepata tu mkopo wa kununua boda. Dhamana ni kitu au ahadi inayowekwa ili mtu atimize alichosema. Asipotimiza, kilichowekwa kinaliwa.

Ya polisi ndiyo nyepesi. Mshukiwa anaachiliwa uchunguzi ukiendelea, anapangiwa siku za kuripoti, na mtu anayemjua anatia sahihi. Ni bure. Vituo vingine vimebandika tangazo la kusema hivyo, na bado anayetoka anaulizwa nyumbani, "Umetoa ngapi?"

Kortini huwa pana pesa, lakini si faini. Hakimu akitaka shilingi 500,000 taslimu, hiyo ni amana. Mshtakiwa akihudhuria mpaka kesi iishe, hurudishwa, hata kama ameonekana na hatia. Tunza risiti! Wadhamini waliokuja na kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hutajiwa kiasi chao pia, ila hawakitoi siku hiyo. Wanadaiwa mshtakiwa akitoroka.

Benki inataka kitu cha kushika, mara nyingi hati ya ardhi. Ukishindwa kulipa, haiamki asubuhi na kuuza shamba: Sheria ya Rehani ya 2009 inakupa notisi ya siku 45 za kazi urekebishe deni, kisha notisi nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Na kama ni nyumba mnamoishi, mume au mke lazima awe ameridhia.

Inayowaponza watu ni ile isiyo na hati wala pesa mezani: "Jirani, nisaidie sahihi tu." Nilisaidia. Alikopa milioni 3 za boda kwenye SACCO yetu, akalipa milioni 2, boda ikaibwa. Akiba yangu ikazuiwa Januari, wiki ya karo. Nilipolalamika, karani alinigeuzia fomu na kuweka kidole chini ya jina langu. Hakuwa amekosea. Sheria ya Mikataba ya 2010 inasema mdhamini anadaiwa kiasi kile kile anachodaiwa mkopaji, isipokuwa mkataba umesema vingine. Kwa hiyo ile milioni iliyobaki, na riba yake, ilikuwa yangu kama ilivyokuwa yake. Ukishalipa, unaweza kumdai mkopaji akurudishie. Lakini kumdai mtu ambaye hata boda hana, tuachane na hayo.

Hayo maneno "isipokuwa mkataba umesema vingine" ndiyo mlango wako. Kabla ya kusaini, omba iandikwe kwamba unadhamini mwisho shilingi fulani, tuseme 800,000, na kwa mkopo huu mmoja. Fomu nyingine husema "mkopo huu na yoyote itakayofuata", na hapo utajikuta unadhamini pikipiki ya pili ambayo hukuambiwa. Mkopo ukiisha, dai barua ya kukuondoa kwenye udhamini. Yangu niliipata baada ya safari tatu, ikiwa na muhuri, na jina langu limekosewa herufi moja.