Kinanda cha kwanza: nenda dukani na rula

Muuzaji ataanza kukuhesabia: sauti 400, sauti 600, mapigo mia na ushee. Mwache amalize. Anayepiga nyumbani jioni kujifurahisha huishia kutumia sauti tano au sita, piano ikiwa mbele. Mimi huanza na vitufe.

Vitufe 61 vinatosha: oktavu tano, vyeupe 36 na vyeusi 25. Ila viwe vya saizi kamili. Pima kwa rula toka ukingo wa kushoto wa Do (kitufe cheupe kilicho kushoto tu mwa vyeusi viwili vilivyokaa pamoja) hadi ukingo wa kushoto wa Do inayofuata. Ipatikane kama sentimita 16 na nusu. Ikipungua sana hicho ni cha kuchezea, na vidole vikishazoea nafasi finyu vitakosea ukikalia kinanda cha kwaya.

Halafu jaribu kama kinahisi nguvu ya kidole. Weka sauti ya piano (ogani itakudanganya, kwa kawaida haibadiliki), bonyeza kitufe kimoja taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti ikibaki ileile, angalia kwanza kama kipengele hicho hakijazimwa kwenye mipangilio. Yamaha PSR-E273 haina kabisa; PSR-E373 na Casio CT-S300 zinacho. Kama kuna pesa ya kuongeza, iongeze hapo, si kwenye wingi wa sauti.

Kinanda kilichotumika si kibaya, lakini huku kwetu pwani kina adui wake. Chini ya kila kitufe cha aina hii kuna migusano miwili ya mpira wenye kaboni. Mmoja hugusa kabla ya mwenzake, na mashine hupima muda uliopita kati yao ili ijue umepiga kwa nguvu gani. Unyevu na chumvi ya hewa ya Shangani, Mikindani au Lindi mjini, ukichanganya na vumbi, huziba mgusano mmoja: kitufe kinakuwa bubu, au kinapiga kelele hata ukikigusa kidogo. Kwa hiyo piga vyote 61, kimoja kimoja, kwa nguvu ileile, ukisikiliza kinachoruka. Vikiwa viwili au vitatu, fundi anafungua na kusafisha kwa spiriti safi na pamba. Msasa hapana, unakwangua kaboni na ugonjwa unakuwa wa kudumu. Vikiwa kumi, achana nacho.

Pedali, ile ya mguu ya kurefusha sauti, ikifanya kazi kinyume, yaani sauti inavuta ukiiachia, usiilaumu: zima kinanda, toa mguu, washa tena.

Umeme ndio unaoua vingi. Adapta ya Yamaha hizi ni volti 12, ya CT-S300 ni 9.5, usiazime ya jirani kwa sababu tu pini imeingia. Wenye sola nao huona volti 12 wakafurahi, wakaunga moja kwa moja kwenye betri. Betri hiyo ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Tumia inveta ndogo na adapta yake halisi.

Modeli zote tatu nilizotaja hutumia pia betri sita ndogo za AA, msaada mkubwa umeme ukikatika. Ukienda shamba kuokota korosho wiki kadhaa, zitoe kabla hujafunga mlango. Zikivuja, springi hushika kutu ya kijani, na utarudi ukute kinanda hakiwaki bila waya.