Eteri: maswali ya garaji na maabara, Lubumbashi

Eteri ni nini hasa?
Dietili eteri ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamu inayopanda kichwani. Mwaka 1846 ilitumika Boston kumlaza mgonjwa hadharani kabla ya upasuaji. Leo utaikuta maabara, na kwenye makopo ya kupulizia injini za mazutu (dizeli) asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba.

Mbabula, jiko la makala (mkaa), iko mbali. Kwa nini moto ulishika?
Mvuke wa eteri ni mzito kuliko hewa, karibu mara 2.5. Haupandi, unatambaa sakafuni mpaka ukute makala, kisha moto unarudi kwa njia ileile hadi kwenye chupa. Wala si lazima pawe na mwali: chuma chenye joto la nyuzi 180 hivi, kama bomba la moshi la lori lililotoka safari, kinatosha. Kwenye usawa wa bahari eteri huchemka kwa nyuzi 34.6. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu, kwa hiyo huku huchemka karibu na nyuzi 30. Mchana wa mwezi wa kumi, ukifungua kifuniko, inaweza kukurukia usoni.

Basi niiweke kwenye frigo?
Ya nyumbani, hapana. Swichi ya taa na kidhibiti joto hutoa cheche, na mvuke umejaa ndani.

Chupa ya zamani ina chembe nyeupe mdomoni.
Usiiguse, usijaribu hata kulegeza kifuniko. Hewa na mwanga hugeuza eteri polepole kuwa peroksidi, ndizo chembe hizo, na msuguano wa kifuniko tu unaweza kuilipua. Funga chumba, ita wanaojua milipuko. Chupa isiyo na chembe iandikwe tarehe siku inapofunguliwa, ipimwe peroksidi kila miezi 3, na isichemshwe mpaka ikauke.

Fundi apulize injini yoyote?
Yenye buji za kupasha joto, asipulize kabisa: buji hizo zina moto, eteri hulipuka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja injini.

Mtu amevuta mvuke, anayumba.
Mtoeni nje. Akizimia lakini anapumua, mlazeni ubavu, mumpeleke hospitali. Aliyeimeza asitapishwe, maana inaingia mapafuni kirahisi.

Ikiwaka, nimwage maji?
Eteri huelea juu ya maji, na moto utaelea nayo. Tumia kizimamoto cha unga au cha kaboni dioksidi.