Si kila penye tope panafaa mikoko

Juzi nimepigiwa simu nyingine ya aina ile ile. "Mwalimu, tuna miche 5,000 na vijana sitini, tuonyeshe ufuo tupande Jumamosi." Jumamosi maji yatakuwaje, hakuuliza.

Hii imani kwamba penye tope na chumvi mkoko utaota imenichosha. Mikoko huishi nusu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa: kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi yanapogota maji ya bamvua, yaani yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Chini ya hapo mche unashinda majini, mizizi inakosa hewa, na mawimbi yanaung'oa. Lakini huko chini ni peupe, hakuna wa kulalamika, picha zinatoka vizuri, basi ndiko watu wanakokimbilia. Wengine wanachomeka juu ya nyasi bahari. Wanafukuza samaki tasi malishoni, halafu wanaita uhifadhi!

Na mbegu ni ya aina moja tu, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa vile ni ndefu, rahisi kuokota na kuchomeka. Kumbe mikoko ni aina nyingi: anayetangulia baharini ni mlilana, mkoko wenyewe unafuata, mkandaa uko nyuma, na mchu unavumilia chumvi hata kule nchi kavu kunakofikiwa na bamvua tu. Wazee wakata boriti wanayajua haya bila semina. Nendeni nao maji yakipwa, mtazame miti ya asili ya jirani imeishia wapi, na msivuke hapo. Mkikuta tuta la shamba la chumvi au barabara imeziba mkondo, zibueni kwanza. Mbegu zitaletwa na maji yenyewe, wala hamtahitaji kitalu.

Na yapo maneno mengine ninayoyasikia pwani. "Ukikata utachipua." Mchu, sawa. Mkoko wenyewe ukiukata shina, umeuua.

"Tumbawe ni jiwe." Kinachovunjika chini ya kiatu chako ukisaka pweza ni makao ya wanyama wadogo walio hai.

"Mikoko ni ya serikali, sisi tunapata nini?" Waulizeni watu wa Gazi, Kwale, Kenya. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unauza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na fedha zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni.

Yule wa simu nimemwambia miche aiache kitaluni, aje saa ya kupwa na mzee mmoja mkata boriti. Hajapiga tena.