Wadi ni nini? Mabonde makavu ya milima ya Oman

Wadi ni bonde la mto katika nchi kame, ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka halina maji juu yake. Mvua ikinyesha milimani, hugeuka mto kwa saa chache, pengine siku moja au mbili, kisha hukauka. Kaskazini mwa Kenya mabonde ya jinsi hii huitwa laga. Ila ukitaka kuziona wadi katika ukali wake, tazama Milima ya Hajar, kaskazini mwa Oman.

Milima hiyo imeanzia rasi ya Musandam, kaskazini, hadi karibu na Ras al-Hadd, mashariki, na kilele chake kirefu, Jebel Shams, kinafikia mita 3,000 hivi. Sehemu kubwa ni mawe ya chokaa yaliyofanyika chini ya bahari, ndiyo maana visukuku vya viumbe wa baharini huonekana huko juu. Wengi hudhani jangwa huchongwa na upepo peke yake. Hapa mchongaji mkuu ni maji: kando ya Jebel Shams, Wadi Nakhr imekatwa kwenda chini karibu mita 1,000.

Mvua haba inapataje nguvu hiyo? Miteremko ni mikali, mwamba uko wazi, udongo na majani ya kuyazuia maji ni kidogo mno. Kinachonyesha kinateremka papo hapo. Basi mtu aweza kuwa amekaa wadini juani, na mafuriko yakamkuta kutokana na mvua ya mbali asiyoiona. Juni 2007, kimbunga Gonu kilipopiga, wadi za Muscat zilibomoa barabara na kusomba magari. Kila mgeni alijue hili kabla ya kutandika mkeka kwenye changarawe ile: usilale humo, na maji yakipita usivuke kwa gari, hata yakionekana ya magotini.

Maji mengine huzama kwenye changarawe na kubaki huko chini muda mrefu. Hayo ndiyo yanayoifanya mitende iwe kijani kando ya bonde kavu. Waomani huyafuata kwa visima, na kwa mifereji ya kale iitwayo aflaj (mmoja ni falaj), inayoyapeleka mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Mitano kati yake, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nyumba za vijiji vya zamani mara nyingi zilijengwa juu, penye mwamba, na mitende ikaachiwa chini karibu na maji.