Mkanda wa taimingi ukikatika, ufunguo uweke mfukoni

Mkanda wa taimingi huunganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, ile inayofungua valvu. Ukikatika, gari huzima ghafla barabarani, na dereva hupiga stata. Inazunguka nyepesi, bila ule mguno wa injini kubana, naye anadhani betri imepata nguvu, basi anapiga tena. Hiace nyingi za injini ya 3L, dizeli ya cc 2,779, zimefika uani kwangu zikivutwa kwa kamba, na kabla sijashika spana huwa nauliza: ulipiga stata mara ngapi?

Si kila injini huumia. 3S-FE, ile ya petroli kwenye RAV4 za mwanzo, mkanda ukikatika pistoni haifikii valvu. Unafunga mwingine, unalinganisha alama, safari inaendelea. Dizeli haina huruma hiyo. Mgandamizo wa 3L ni karibu 22 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni finyu mno, na valvu iliyobaki wazi itagongwa tu, tena kila unapopiga stata.

Kujua valvu zipi zimepinda hakuhitaji kufungua hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Zungusha krenki kwa spana, taratibu, mpaka alama ya puli ipite ile inayoonyesha pistoni iko juu kabisa kwa robo mzunguko. Ikigota, usilazimishe. Hapo pistoni zote nne zimekaa katikati, na kamshafti unaizungusha bila kugonga kitu. Fungua kifuniko cha valvu. Kila nundu ya kamshafti ikitazama juu, pitisha filagaji, bati jembamba la kupimia uwazi, kati yake na shimu, kijibati cha kurekebisha uwazi juu ya valvu. Injini ikiwa baridi, valvu ya hewa inataka milimita 0.20 hadi 0.30, ya moshi 0.40 hadi 0.50. Iliyopinda hairudi kukaa kwenye siti yake, pale inapozibia, inabaki imening'inia, na uwazi unakuwa mkubwa ajabu.

Juzi, kwenye Hiace moja, silinda ya pili, filagaji ya 0.50 iliingia ikawa inacheza. Nikashikanisha mbili, bado zinacheza. Mwenye gari alikuwa amechuchumaa pembeni. "Fundi, si labda shimu imelika?" Nikamwambia, kaka, shimu hailiki milimita nzima kwa siku moja.

Hedi ikishatoka, toa valvu na uiviringishe juu ya kioo cha dirisha. Nzima inateleza kimya. Iliyopinda utaona kichwa kinayumba. Wapo wanaozinyoosha kwa nyundo. Mimi sifanyi, hata mteja akinibembeleza vipi. Shina lililokwishapinda likikatika, kichwa kinaangukia silindani, na hapo mtaanza kutafuta injini nyingine.

Valvu mpya ipite kwenye gaidi yake, kibomba kinachoongoza shina, bila kukwama wala kucheza. Isage kwa dawa ya kusagia hadi siti itoe mduara wa kijivu usiokatika, funga springi, kisha laza hedi ubavu na umimine mafuta ya taa kwenye tundu la hewa na la moshi. Subiri dakika kumi. Ukiona unyevu kuzunguka kichwa cha valvu, rudi kusaga. Ukiona ufa kati ya valvu mbili, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Hedi iende kwa fundi wa mashine.

Gasketi za hedi za injini hii zina unene tofauti, kwa hiyo usitupe ya zamani kabla ya kulinganisha alama zake. Alama za mkanda ni tatu: krenki, kamshafti na pampu ya dizeli. Ukishafunga, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha angalia alama upya kabla ya kugusa stata.

Halafu tafuta kilichoua mkanda. Wa Hiace hii haukulowa oili, na tenshena, puli inayoukaza, ilizunguka vizuri. Ulikuwa umezeeka tu. Toyota wameweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi, huwaka kila kilomita 100,000. Nikamuuliza kaka kama iliwahi kuwaka. Akasema hajawahi kuiona. Nilipofungua dashibodi, balbu haikuwepo.