Mlimbikizo wa ushahidi: ubongo unavyofika kwenye uamuzi

Mlimbikizo wa ushahidi ni kazi inayofanywa na ubongo kati ya kuona kitu na kukata shauri. Macho huleta ishara nyingi, ila ishara moja peke yake haitoshi kuaminiwa. Ubongo huzijumlisha mpaka zifike kiwango fulani, na hapo ndipo uamuzi hutoka.

Dhana hii ilipata umaarufu kwa jaribio la vitone. Tumbili aina ya makaka hutazama skrini yenye vitone vinavyotapakaa ovyo, huku baadhi vikielekea upande mmoja, tuseme kulia. Hujibu kwa kupeleka jicho upande huo. Vitone vinavyokwenda pamoja vikiwa vingi, hujibu upesi na kwa usahihi. Vikiwa vichache, huchelewa na hukosea zaidi.

Mwaka 2002, Jamie Roitman na Michael Shadlen walichapisha vipimo vya seli za neva za eneo liitwalo LIP, juu kuelekea nyuma ya ubongo. Kama milisekunde 200 baada ya vitone kuanza kwenda, mapigo ya umeme ya seli zinazowakilisha upande utakaochaguliwa yalianza kupanda: haraka kwa vitone vilivyo wazi, polepole kwa vyenye utata. Uzuri wa matokeo hayo, kwangu mimi, uko mwishoni mwa mpando. Vitone viwe rahisi au vigumu, mapigo yalifika karibu kiwango kilekile milisekunde 70 hivi kabla ya jicho kuruka. Ni kama ndoo chini ya bomba: maji yatoke kwa nguvu au kwa kudondoka, ukingo ni uleule.

Hesabu yenyewe ya kujumlisha ushahidi hadi kiwango fulani ni ya zamani kidogo. Mwanasaikolojia Roger Ratcliff aliitumia mwaka 1978 kueleza jinsi tunavyokumbuka.

Lakini seli kupanda kabla ya uamuzi si uthibitisho kwamba ndizo zinazoamua. Mwaka 2016 Leor Katz na wenzake walizima LIP kwa dawa, na tumbili wakaendelea kuamua karibu kama kawaida. Walipozima MT, eneo linalosoma mwendo, usahihi uliporomoka. Basi kinachojumlisha kiko wapi? Wengi sasa wanaona kazi hiyo imegawanywa katika maeneo kadhaa, likiwemo kolikulasi ya juu, sehemu ya ubongo wa kati inayojulikana kwa kuongoza macho. Mwaka 2021 maabara ya Michele Basso ilionyesha kwamba kuizima hubadilisha uamuzi wenyewe, si mwendo wa jicho tu.