Bakteria kwenye chembe sahani: yanayosemwa na yalivyo

“Damu ikishapimwa VVU, homa ya ini na kaswende, hakuna tena la kuogopa.”

Vipimo hivyo vinatafuta maradhi ya mtoaji. Bakteria wanaochafua chembe sahani, vijiseli vya damu vinavyosaidia damu kuganda, mara nyingi ni wakazi wa kawaida wa ngozi, kama Staphylococcus epidermidis, na mtu mzima wa afya anao. Ndiyo maana kinga inaanzia mkononi mwa mtoaji: ngozi husafishwa kwa klorheksidini 2% iliyochanganywa na alkoholi 70%, ikaachwa ikauke yenyewe. Halafu mililita 20 hadi 30 za mwanzo huelekezwa kwenye kifuko cha pembeni, kwa sababu sindano inaweza kukata kipande cha ngozi na damu ya kwanza ndiyo hukibeba. Damu hiyo haimwagwi. Ndiyo inayojaza mirija ya vipimo.

“Si ziwekwe tu kwenye friji?”

Chembe sahani zikipoa hubadilika umbo, na mwili huziondoa haraka kwenye mzunguko. Kwa hiyo hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi zikitikiswa polepole muda wote, na joto hilo bakteria wengi wanalipenda. Zilizopozwa zina matumizi, lakini kwa anayevuja damu, si kwa kumkinga mgonjwa asije akavuja.

“Sampuli ikichukuliwa mapema, majibu yanakuwa bora.”

Sampuli hiyo huvutwa kwenye mfuko wa chembe sahani na kuoteshwa ili kuona kama ina bakteria, na hapa ndipo wengi wanapokosea, tena wakiwemo watu wa maabara. Chukua mfuko wa mililita 250 ulioingiwa na bakteria 10 tu. Ukivuta mililita 16 siku hiyohiyo, kuna karibu nusu ya uwezekano kwamba hutavuta hata mmoja. Utaotesha chupa isiyo na bakteria na kuandika “hasi”. Uingereza husubiri saa 36 hadi 48 baada ya utoaji ili waliomo wazaliane, ndipo huvuta mililita 8 kwa chupa yenye hewa na 8 kwa chupa isiyo na oksijeni. Mashine huzitunza kwenye joto la mwili na kusoma kitako cha kila chupa kila baada ya dakika chache: bakteria wakikua hutoa kaboni dayoksaidi, na kitako hugeuka njano. Kuongeza ujazo kunasaidia, lakini ujazo hauwezi kufidia haraka.

“Hasi ni hasi.”

Ni hasi mpaka sasa. Mfuko unaweza kutolewa saa chache tu baada ya chupa kuingia mashinani, huku chupa zenyewe zikiendelea kuchunguzwa hadi mwisho wa uhai wa mfuko, yaani siku 7. Mashine ikilia baadaye kuonya kwamba bakteria wameota, mfuko huitwa urudi pamoja na mazao mengine ya utoaji huohuo. Ukiwa umeshatumika, daktari wa mgonjwa hupigiwa simu. Cutibacterium acnes, anayekua kwa kujikokota, husababisha nyingi ya simu za namna hiyo, na kwa bahati ni nadra kudhuru.

“Mfuko mchafu unaonekana kwa macho.”

Mabonge, povu au rangi ngeni ni sababu tosha ya kuurudisha. Mfuko wenye sura nzuri haujathibitisha chochote.

“Homa katikati ya kuongezewa ni ya ugonjwa wake.”

Dhana hii ndiyo inayoua. Wapokeaji wengi wana saratani ya damu, homa si ngeni kwao, na muuguzi aliyezidiwa na kazi hutoa parasetamoli akaendelea. Homa ya ghafla, kutetemeka au presha kushuka: funga mfuko, acha njia ya mshipa wazi kwa salaini, pima presha na mapigo, linganisha tena jina na namba. Chukua damu ya kuotesha kutoka mshipa mwingine, anza antibayotiki bila kungoja majibu. Usitupe mfuko. Uzibe, urudishe maabara pamoja na mpira wake wa kupitishia damu, na uwapigie benki ya damu papo hapo, kwani mtoaji mmoja anayetolewa chembe sahani kwa mashine anaweza kuwa amejaza mifuko miwili au mitatu, na mwenzake huenda unaning’inizwa wodi nyingine.